Dalali wa Makocha

Bernadette Stachowiak ameuza nyumba moja mara tano, na mara zote tano mnunuzi alikuwa kocha mkuu wa Wahunzi, timu yetu ya mpira wa Kimarekani. Ni nyumba ya matofali mekundu katika mtaa wa Alder, na uwanja wake wa majani watu wa Port Harlan wanaujua kuliko wanavyoijua altare ya parokia yao. Kocha akiajiriwa, Bernie, kama tunavyomwita, anamuuzia. Kocha akifukuzwa, Bernie anamtafutia mnunuzi, naye ni kocha anayefuata. Mji mzima unamwita Dalali wa Makocha, na baada ya bia ya tatu unamwita Mchimba Kaburi.

Kazi hiyo aliianza mwaka ule kiwanda cha chuma kilipofungwa na nusu ya mtaa wake ukafungasha. Wakati wenzake wanalia, yeye alikwenda kusomea leseni ya udalali, akawauzia majirani nyumba zao mmoja mmoja, huku akilia nao kidogo na kuwatoza asilimia yake. Picha iliyo kwenye vibao vyake vya kutangazia nyumba ilipigwa enzi hizo, alipokuwa na nywele nyingi na kidevu kimoja. Hajaibadilisha na hana mpango.

Sasa, mji wetu una adabu zake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi kocha tunampa msimu mmoja, na tukichoka naye tunampa kibao. Asubuhi moja baada ya kipigo, kibao cha Bernie kinaonekana kimesimikwa kwenye majani ya kocha: NYUMBA INAUZWA, na chini yake Bernie anacheka meno yote nje. Hakuna kocha aliyewahi kupona kibao kile. Nani anayekisimika, hakuna aliyejua, na hakuna aliyetafuta kwa bidii. Bernie mwenyewe alisema biashara ni matangazo. Moyoni aliona haya kidogo, halafu simu ilikuwa inalia na haya inaisha.

Mwezi wa pili akaja kocha wa sita, Lamar Tisdale, kutoka Georgia. Kuangalia nyumba hakuja yeye, alikuja mkewe, Odessa, amevaa koti la kuendea harusini kwenye theluji ya magotini. Bernie alimzungusha vyumba vyote, na walipofika ngazini akaanza wimbo wake.

"Mama Tisdale, hapa mtazeeka. Naona kabisa wajukuu wenu wanateleza kwenye hizi ngazi..."

"Ishia hapo hapo, dada. Wale waliotangulia uliwaambia nini?"

Bernie akajikuna shingo. "Hivyo hivyo."

"Na wako wapi?"

"Mmoja yuko Florida anauza boti. Mwingine hunitumia kadi kila Krismasi, ndani ameandika tusi."

Odessa alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza akajifuta macho, na sauti yake ikawa nyingine. "Sikiliza. Nimeolewa na mwanamume, kumbe nimeolewa na lori la kuhamia. Nimehama mara kumi na moja. Nina maboksi ya mapazia, na hakuna pazia la nyumba moja lililowahi kuenea dirisha la nyumba nyingine. Nimechoka. Kama nyumba hii ina mkosi, niambie sasa hivi nikapange chumba."

Kwa mara ya kwanza tangu apate leseni, Bernie hakuwa na uongo ulio tayari. "Nyumba haina kosa," alisema. "Timu ndiyo inanuka."

"Basi naichukua. Lakini uso wako nisiuone kwenye majani yangu."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu," alisema Bernie, ambaye mama yake yu hai, anakaa Toledo, na ana mdomo kumshinda binti yake.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila Alhamisi Bernie na wenzake wawili hushindana katika ukumbi wa kubingirisha tufe na kuangusha vigingi, na tangu wa nne wao afariki walikuwa wanafungwa hata na kikundi cha watawa waliostaafu. Bernie akamleta Odessa ajaribu. Odessa alirusha tufe kama mtu anayemfukuza mbwa jikoni, vigingi vyote vikalala. Watawa wakafanya ishara ya msalaba. Kufikia kiangazi alikuwa anafundisha darasa la pili katika shule ya mtaani, anakula pierogi, sambusa zetu za kuchemsha, kwa mikono, na mapazia ameshonesha mapya kwa kipimo, dirisha kwa dirisha. Bernie alipoyaona yananing'inia alisikia raha ambayo hakuitegemea. Katika maisha yake alikuwa amepata wateja wengi na mume mmoja. Rafiki wa kumwambia ukweli hakuwahi kuwa naye.

Mechi ya kwanza Wahunzi walishinda, na kocha Tisdale akawa nabii. Gene, mume wa Bernie, mzee wa kiwandani aliyestaafu lakini hajaacha kupiga kelele, alitaka mbwa wao abadilishwe jina aitwe Lamar. Mbwa alikuwa jike. Bernie alikataa kwa ajili ya mbwa.

Baada ya hapo wakafungwa, wakafungwa tena, na jinsi walivyofungwa ndiyo iliyoutoa mji pumzi. Timu yenye akili, ikifika jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, na bado haijasogea vya kutosha, huupiga mpira teke uende mbali, adui akahangaike nao huko. Kocha Tisdale hakutaka teke. Yeye jaribio la nne anakwenda tu na mpira mkononi, kama mtu anayevuka barabara kuu amefumba macho, na kila wiki gari lilikuwa linamkuta.

"Piga teke!" Gene aliifokea televisheni, bia inamwagikia fulana. "Piga teke, bwege wewe! Mguu huo umepewa wa nini?"

"Hakusikii, Gene."

"Angekuwa anasikia tusingekuwa hapa!"

Kipigo cha sita kilikuwa kibaya hata kwetu. Alhamisi yake Odessa aliingia ukumbini na kitu kikubwa kwapani, akakilaza mezani katikati ya bia na jibini ya kukaanga. Bernie akajikuta anajitazama mwenyewe, kidevu kimoja, meno yote nje.

"Mama yako huko kaburini anaendeleaje?" Odessa aliuliza.

"Si mimi. Naapa kwa..."

"Usiape. Ukiapa tena mtu atakufa kweli."

Odessa alicheza usiku ule bila kumtazama, na kwa mara ya kwanza tufe lake likaangukia mferejini. Kesho yake Bernie akaanza upelelezi. Alimbana muuza nyama, akambana mwenye baa, akambana hata Padri Dombrowski baada ya misa.

"Nilifikiria, mwanangu," padri alikiri. "Lakini bega langu haliwezi tena nyundo."

Bernie akafunga kufuli jipya kwenye gereji anamoweka vibao. Jumatatu iliyofuata, kibao kingine. Hapo ndipo angepaswa kukumbuka kwamba kikulacho ki nguoni mwako, lakini mwanamke aliyeishi na mume miaka thelathini na tano huwa hamtazami tena, kama asivyolitazama jokofu. Jumatatu ya tatu aliaga kwamba anakwenda ofisini, akazunguka, akaegesha nyuma ya gari la posta mtaa wa Alder. Haikupita muda akamwona anakuja: ndara miguuni, kofia ya Wahunzi kichwani, kibao begani, nyundo mkononi, na mbwa nyuma yake.

"Eugene!"

Nyundo ilimponyoka Gene, ikamwangukia kidole gumba cha mguu. Alirukaruka kwa mguu mmoja juu ya majani ya kocha, na Bernie hakumpa nafasi.

"Wote watano ni wewe?"

"Wa pili hapana! Wa pili nilikuwa hospitali na nyongo!"

"Huna haya? Vibao vya mkeo?"

"Haya ya nini? Paa jipya nani kalileta? Kocha wa tatu! Jiko? Kocha wa nne! Mimi napanda, wewe unavuna. Kama hiyo si ndoa, sijui ndoa ni nini!"

Bernie alitaka kucheka, na kutaka kucheka huko ndiko kulikomuuma. Paa lile alilipenda. Miaka yote ile alikuwa amelala chini ya paa la mtu aliyefukuzwa, akalala vizuri. Akainua macho, akaona pazia la juu limesogea, lile la kushonwa kwa kipimo, na Odessa amesimama nyuma yake anawatazama wote watatu, mume, mke na mbwa.

"Gene," alisema polepole. "Yule mwanamke akiondoka, mimi nitabaki na wewe tu. Jioni zote. Umewahi kulifikiria hilo?"

Gene alilifikiria. Rangi ikamtoka. Akakichomoa kibao mwenyewe, akakibeba nyumbani akichechemea, na hakusimika kingine msimu ule.

Bernie hakuishia hapo. Alipiga simu kwenye kipindi cha redio cha mashabiki, akangoja zamu yake, akasema hewani, "Mwacheni mtu amalize kazi. Sufuria haijapata moto mnadai mchuzi! Tumefukuza watano, tumepata nini? Mimi nimepata paa. Nyinyi mmepata nini?" Aliyefuata hewani akamwambia dalali akome kutetea bidhaa. Kwa muuza nyama akawa anapewa soseji za jana. Nasi wengine, tuseme kweli, tulimcheka. Mtu anayemtetea kocha mwenye vipigo kumi haombi heshima, anaomba daktari.

Mechi ya mwisho haikuwa na maana yoyote kwa mtu mwenye akili zake, kwa hiyo uwanja ulijaa. Theluji ilikuwa inaanguka upande upande. Wahunzi walikuwa nyuma kwa alama nne, dakika zinaisha, jaribio la nne, na kila mtu alijua Tisdale atakwenda, hata watoto waliokuwa wakiuza chokoleti ya moto walijua. Akaenda. Mpira ukapita katikati ya mikono ya walinzi wawili, ukamkuta kijana wetu amelala chini ndani ya mstari wa goli, akaukumbatia kama amepewa mtoto. Tulishinda. Gene alilia begani kwa mtu asiyemjua, na Bernie akapiga kelele mpaka sauti ikakatika, akiamini kabisa kwamba amempata Odessa kwa mwaka mwingine.

Kesho yake ilikuwa ile Jumatatu ya kila mwisho wa msimu ambayo timu huchinja makocha wao, na mwenye timu, ambaye majira ya baridi huishi mbali na baridi, alimfukuza Lamar Tisdale kwa tangazo la mistari miwili.

Bernie na Gene walipofika mtaa wa Alder walikuta majani hayaonekani. Watu walikuwa wamepita mji mzima, wakang'oa vibao vyake kwenye nyumba zote zinazouzwa kihalali, wakavisimika vyote pale. Bernie alikuwa anacheka kutoka kila pembe ya uwanja, theluji imemkalia kichwani.

"Safari hii si mimi," Gene alisema, mikono juu. "Haki ya Mungu."

"Najua. Ng'oa."

Waling'oa kimoja kimoja. Odessa akafungua mlango, amevaa gauni la nyumbani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Ingieni. Na msiniletee nyuso za msiba."

Sebuleni kulikuwa na maboksi yamepangwa hadi ngazini. Bernie alipoyaona alisahau maneno yote aliyoyapanga njiani. "Mimi siuzi," alisema. "Tafuteni dalali mwingine. Nimewauza watano, wewe sikuuzi, hata unilipe mara mbili. Siwezi."

"Nani kakuomba uuze?"

"Haya maboksi..."

"Ni ya Lamar. Timu moja ya Texas imempa kazi ya kufundisha walinzi wake. Anaondoka Ijumaa."

"Na wewe unaondoka lini?"

Odessa akanywa funda moja, akameza taratibu. "Nina darasa zima linalojifunza kutoa kwa kukopa. Nina mapazia yaliyoenea. Aliyefukuzwa ni yeye, dada. Mimi hakuniajiri mtu, atanifukuza nani? Nyumba hii haiuzwi."

"Nimesikia!" kocha alisema kutoka jikoni.

"Ndiyo usikie! Na uje Krismasi, funguo unazo!"

Bernie akaanza kulia, kilio cha wazi, mbele ya Gene ambaye hakujua aangalie wapi. Odessa alimwacha kidogo, kisha akaweka kikombe chini.

"Ukimaliza kulia, shika boksi hilo upande wa pili," alisema. "Lina viatu vyake, ni zito."

Wakalinyanyua wote wawili, wakalipeleka kwenye gari.