Beseni la paka lilivyomlaza mwanangu zahanati mara mbili

Wakuu, kwema? Haya ni ya nyumbani kwangu Magomeni, sijaongeza chumvi. Mke wangu kayasoma kwanza, kasema sehemu ya aibu yangu nisiifupishe.

Nyumba yetu ina panya, kwa hiyo tunafuga paka, Chui. Kila Jumamosi napita Kariakoo kumnunulia vichwa na utumbo wa kuku wa kugandishwa.

Mwezi uliopita binti yetu Nasra, miaka mitano, aliamka Jumatatu anaharisha na kutapika. Zahanati wakamtundikia dripu.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu tena, dripu tena. Safari hii hata kulia hakuweza. Daktari akasema ni chakula chenye vijidudu, na nisipojua kinatoka wapi tutaonana tena.

Nikaapa hatutaonana.

Mke wangu alishamhukumu jirani, Mama Salma, muuza mihogo ya kukaanga. Nikamfuata kwa hasira.

"Shemeji, mihogo yangu inatoka kwenye mafuta yanayochemka. Kapekue jikoni kwako!"

Iliniuma, lakini nikapekua. Nikaandika kwenye daftari alichokula kila mmoja wikiendi zile mbili. Mke wangu naye tumbo lilimsokota. Mimi mzima. Tofauti ilikuwa moja tu: mimi sili kachumbari.

Jumamosi iliyofuata mke wangu aliwahi kurudi kutoka kazini, akanikuta jikoni. Nilishayeyushia utumbo kwenye beseni la bluu, nimempa Chui, nimelisuuza beseni na kulifudikiza pale pale.

Akalichukua, akamimina nyanya.

"We! Hilo nimetoka kuwekea utumbo."

"Si umeliosha, Baba Nasra?"

"Nimesuuza."

"Kwa sabuni?"

Wakuu, sabuni haijawahi kuligusa. Miezi yote nasuuza kwa maji matupu, yeye humo humo anaoshea nyanya za kachumbari.

Sasa Chui ana beseni lake jekundu na kisu chake, vinakaa uani. Vichwa na utumbo nachemsha. Kwenye friji vinakaa chini kabisa, kwenye kopo lenye mfuniko. Nikimaliza, sabuni: mikono, karo la vyombo, kila kitu. Nasra akishika bakuli la paka, naye ananawa.

Kisha nikaenda kwa Mama Salma kuomba radhi.

"Kumbe mchawi paka!" akacheka.

"Paka hana kosa, jirani. Mchawi mimi."

Akamfungia Nasra mihogo. Akaila yote, na Jumatatu akaenda shule.

Nichekeni, ruksa. Ila kabla hujaandika, nenda jikoni kaangalie chombo cha mnyama wako kinaoshewa wapi, na kwa kitu gani. Halafu rudi useme ulichokuta.