Bakuli la Udongo la Jirani

Nimeishi Lilongwe, Maputo, Durban, na sasa Johannesburg, ambako nashona mapazia mtaa wa Mayfair. Nimefungasha mizigo yangu mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Ila mwaka juzi nilifunga safari ndefu kwenda kufungasha ya mtu mwingine, dada yangu.

Yeye anatunza wazee katika kijiji cha kale huko mashambani Ufaransa. Nyumba ni za mawe, zimesogeleana kando ya mto, na kwenye ukuta wa daraja watu wa zamani walichonga alama za mafuriko, nyingine juu ya kichwa changu. Kazi yake ilikuwa nzuri na nyumba nzuri. Lakini kwa miaka minne hakuna jirani aliyemgongea mlango, na yeye, mtu wa Tanga, alikuwa amechoka. Alinipigia akasema anaondoka, atakwenda mjini hata kama ni kufagia stesheni. Niende nimsaidie kufunga.

Nilikwenda na robo kilo ya iliki kutoka duka la Msomali, pamoja na Kifaransa nilichookota kwa vinyozi Wakongo wa mtaa wa Yeoville: salamu, asante, na namna ya kuomba ndevu zipunguzwe.

Siku ya pili nilikuwa mlangoni napanga maboksi, mama mmoja mzee wa nyumba ya mbele akapita. Nilimwamkia kwa kuinama kidogo, mkono kifuani, kama ninavyowaamkia wakubwa popote. Akaingia kwake, akatoka na bakuli la udongo lenye keki ya plamu. Tuliimaliza jioni ile ile. Nikaliosha bakuli, nikaliweka juu ya kabati.

Kwetu humrudishii jirani chombo kitupu, na sisi hatukuwa na cha kutia. Unga ulikuwa umeisha, na duka la kijiji hufungwa Jumapili na Jumatatu. Bakuli likakaa. Jumanne asubuhi mama yule akagonga. Dada alizungumza naye, kisha akanigeukia, uso umemshuka.

"Anataka bakuli lake. Anadhani tumelifungasha."

Maboksi yalikuwa yamejaa ukumbini. Hata mimi ningedhani hivyo. Nilimwomba dada amweleze desturi yetu. Alieleza, kwa mikono pia, na mama yule akasikiliza bila kutabasamu. Kisha akasema maneno marefu ambayo dada hakunitafsiria mara moja.

"Anasema nilipohamia alinisubiri niende kujitambulisha. Huku mgeni ndiye anayepita nyumba kwa nyumba. Alipoona kimya, akajua sitaki watu."

"Na wewe ulikuwa unasubiri nini?"

"Waje kunikaribisha, mdogo wangu. Ningesubiri nini kingine?"

Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mlango. Mama yule alitutazama mmoja mmoja, halafu akasema basi bakuli libaki, atangoja.

Alasiri dada alileta unga na hamira, akafungua boksi la jikoni kutafuta karai. Nilikaanga kaimati kama alivyozifanya mama yetu, nikazimwagia shira yenye iliki nyingi. Dada akavuka barabara mwenyewe, bakuli mikononi, na hakurudi kwa zaidi ya saa nzima. Nilibaki dirishani nikiutazama mto ukipita chini ya daraja, nikilishukuru lile duka lililokuwa limefungwa.

Bakuli lilirudi na matofaa. Likaenda na sambusa. Boksi la jikoni halikufungwa tena. Mengine yalibaki yalivyo hadi siku niliyoondoka, na dada hakuniahidi kitu. Alisema ataona.

Mimi bado sijatulia. Juzi nilianza kuulizia nauli ya Windhoek. Lakini kila Ijumaa nikitoka msikitini nampigia dada, na simuulizi kama anahama. Namuuliza bakuli liko wapi.

"Liko kwake," aliniambia wiki iliyopita. "Nilitia vitumbua. Sasa nangoja, zamu ni yake."