Jicho Hulipa, Ngoma Huingia Bure

Siku ile kwenye uwanja wa Newala tulikuwepo hawa. Mimi. Mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyesimama getini na simu mkononi. Kitinda mimba wetu, mwenye programu yake, ameketi juu ya kreti la soda na kompyuta mapajani. Mwenye uwanja, baba mmoja wa makamo ambaye mji mzima humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mama wa Chilangala, kiongozi wa ngoma, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye shamba la pili. Na nyuma yake watu wa Chilangala, ambao siwezi kusema walikuwa wangapi kwa sababu lori lao, fuso, lilikuwa bado linashusha. Mama na baba yetu hawakuwepo, wametangulia siku nyingi. Lakini asubuhi tulipokuwa tunapanda kutoka Masasi, gari lilipoanza kuhema kwenye mlima, mdogo wangu wa kike alisema, "Leo wangepanda na sisi," kwa hiyo nao nawaandika.

Mimi ni fundi wa mabango. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba, nikabaki na wadogo zangu wawili na mikorosho michache kule Lupaso. Masasi mjini palikuwa na mzee aliyechora mabango ya maduka. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, akatafuta mtu wa kujaza rangi ndani ya herufi alizochora yeye. Nikajaza. Baadaye nikachora na herufi zenyewe. Ukipita barabara ya kwenda Nanganga ukaona saluni yenye mwanamke wa shingo ndefu, au gereji yenye tairi linalocheka, hiyo ni kazi ya mkono wangu. Rangi hizo ndizo zilizompeleka kitinda mimba chuoni kusoma kompyuta. Aliporudi nyumbani hakurudi na cheti tu, alirudi na jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa tiketi. Huku kwetu mtu akiandaa ngoma, bonanza au muziki, tiketi ni karatasi iliyokatwa kwa mkasi na kugongwa muhuri. Kufikia jioni tiketi zilizo mikononi mwa watu ni nyingi kuliko zilizokatwa, na vurugu ya getini inaishinda burudani ya ndani. Mdogo wangu akatengeneza programu ya simu. Mtu ananunua tiketi akiwa kwake, anapata mraba wenye vidoadoa, na getini simu nyingine inausoma mraba ule mara moja tu. Ukirudiwa, unakataliwa. Mwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, anapata namba ya kuitaja.

"Sasa Dada," aliniambia, "inafanya kazi, lakini haina sura. Nichoree."

Nimepaka kuta, milango, mabati na ubavu wa lori. Kuchora kitu ambacho mtu atakitia mfukoni, hapana, na nilipoambiwa vile sikuweza hata kumaliza chai. Akanionyesha alipoanzia. Kila kitu kilikuwa bluu.

"Hii ni ya benki?" nikamuuliza.

"Bluu watu wanaiamini, Dada."

"Mtu anakwenda kwenye ngoma. Anataka kuamini au kucheza?"

Mdogo wetu wa kike alikuwa pembeni anamenya muhogo. "Mwache," akasema, "labda ngoma yake inakopesha."

Nilichukua kipande cha plaiwudi, nikapaka rangi, nikaandika herufi, nikakiegemeza ukutani. Kisha nikarudi nyuma, nikavuka barabara, mpaka ubao ukawa mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Herufi zilizosomeka kutoka kule ndizo tulizobakiza. Bluu ilizama. Nyekundu ilitetemeka. Nyeusi juu ya njano ilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Na njano yenyewe nilitaka iwe ya bibo, tunda la mkorosho, lililoiva, lile linalodondoka lenyewe asubuhi na kuacha harufu shamba zima. Nikachanganya, kitinda mimba akapiga picha, akaitia kwenye kompyuta, ikatoka ya limau. Nikachanganya tena. Wateja wangu wa mabango walinisubiri wiki hizo, na mwenye bucha mmoja alikaa na ng'ombe asiye na pembe ukutani kwake mpaka nikaona haya.

Tulipoipata ile njano, tulitoka nayo nje mchana wa jua kali, wakati simu zote hugeuka vioo vya kujitazamia. Ilisomeka. Kitinda mimba alizunguka uani ameinua simu juu kama mtu aliyeshika kuku wa sikukuu.

Jina la programu nalo tulibishania siku kadhaa. Sitaliandika hapa, maana bado hatujalisajili na watu wa Masasi ni wepesi wa kuiga.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi. Programu ilitaka kujua mtu anakuja kama nani: mtazamaji alipe kiingilio, msanii aingie bure. Kitinda mimba alikuwa ameandika maneno. Nikamwambia wako wasiosoma, tuweke picha. Nikachora jicho kwa mtazamaji na ngoma kwa msanii. Jicho lile nililipenda kuliko vyote. Lilikuwa na kope.

Mwenye uwanja wa Newala alikubali kutujaribu kwa siku moja ya ngoma za vijiji. Ikienda vizuri, sherehe zake zote za msimu zingepita kwetu. Lakini kitinda mimba alikuwa na ujumbe kwenye simu yake kutoka Dar es Salaam, kazi katika duka kubwa la kompyuta, na walitaka jibu Jumatatu. Ngoma ilikuwa Jumamosi. Hakusema, nami sikumuuliza, ila sote watatu tulijua kwamba siku ile ikiharibika, atapanda basi. Sikumlea ili nimfunge kamba. Lakini nilikuwa nimemwona akiinua ile simu uani, na nilitaka aendelee kuiinua hapa.

Basi fuso likashusha. Mama wa Chilangala akatangulia, kitenge kimefungwa kwa nguvu, na mdogo wangu wa kike akampokea getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, soma."

Simu ikasoma mraba. Ikatokea ngoma. Bure. Nyuma yake mwanamke mwingine, ngoma. Bure. Mwingine, ngoma. Vijana wawili wenye ngoma kweli mabegani, sawa. Kisha mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, hana kitu mkononi.

"Mama, wewe ni msanii?"

"Msanii."

"Unapiga nini?"

"Makofi."

Akafuata mzee mwembamba. "Na wewe babu, shikamoo, unapiga nini?"

"Marahaba. Sipigi. Nawasha moto wa kukaushia ngoma. Bila mimi zinalia kama madebe."

"Mimi naitikia," akasema aliyefuata, kabla hajaulizwa.

"Na mimi naitikia. Ila mimi naitikia vizuri kuliko huyu."

Mdogo wangu akaelekeza kidole kwa mtoto wa mgongoni. "Na huyu?"

"Huyu analia," mama yake akajibu. "Umewahi kuona ngoma isiyo na mtoto anayelia?"

Mstari ulicheka mpaka kwenye fuso. Mwenye uwanja hakucheka. Alikuja akasimama nyuma ya kitinda mimba, akatazama kompyuta, safu ndefu ya ngoma nyeusi juu ya njano, na hakuna jicho hata moja.

"Humu wote ni wasanii," alisema. "Mtazamaji nimebaki mimi peke yangu. Nijilipe kiingilio?"

Kitinda mimba akanigeukia. "Dada, nikifute kitufe cha ngoma? Naweza, sasa hivi."

"Kifute," akasema mwenye uwanja. "Walipe, au warudi."

Nikamwendea yule mama. Nikamsalimu upya, nikamuuliza ilikuwaje kijiji kizima kikabonyeza ngoma. Hakukasirika. Alinieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni kisima kilipo.

"Mwanangu, kijana wetu alituonyesha hizo picha zako. Ngoma, na jicho. Akatuuliza kila mmoja, wewe ni nani hapo? Nani atasema yeye ni jicho? Unafika kwenye ngoma ya watu, unakaa, unatumbua macho tu kama chura? Huyo tunamwogopa. Nikiimba mimi, asiponijibu mtu, nimeimba nini? Hao wote ni ngoma yangu. Mkitaka turudi, tutarudi, lakini ngoma hugawanyi. Inaingia yote au inarudi yote."

Nilisimama pale na upepo wa Newala unanipiga magotini. Mama yetu, kule Lupaso, alikuwa mwitikiaji. Hakuwahi kugusa ngoma maisha yake yote, lakini siku akiumwa wenzake walikuwa wanaahirisha. Nilikulia mgongoni mwake katikati ya makofi, halafu nikachora jicho.

Nikamrudia mwenye uwanja. "Baba, waache waingie wote. Watazamaji watakuja. Wasipokuja, nitakupakia ukuta wako huu wote, ndani na nje, kwa rangi yangu na mkono wangu."

Aliutazama ukuta. Ni mrefu. "Ndani na nje?"

"Na choo."

"Ninyi wa Masasi," akasema, "mnakaa huko chini mnapata wazimu." Lakini akasogea getini, akawapisha.

Moto ukawashwa. Yule mzee mwembamba akazigeuza ngoma mbele ya miali, akizigonga kwa kidole na kusikiliza, anairudisha hii, anaitoa ile. Zilipolingana, mama akatupa mstari wa kwanza, na kijiji chake kikamjibu.

Siwezi kuuandika mlio ule. Naweza kusema tu kwamba mchomaji mishikaki aliyekuwa nje ya ukuta aliliacha jiko lake. Upepo wa kule juu haukai na kitu, uliichukua ngoma ukaipeleka sokoni na stendi, na watu wakaanza kuja, kwanza watoto, kisha wenye bodaboda, kisha wanawake waliotoka sokoni na vikapu vyao. Wakajaa kwenye ukuta wakirukaruka kuchungulia.

Nikakimbilia mkoba wangu. Nilikuwa nimekuja na makopo yangu na ule ubao wa plaiwudi tuliojaribia rangi. Nikaugeuza upande mweupe, nikaupaka njano, na kabla haijakauka nikaandika kwa nyeusi: NGOMA IMEWAKA. LIPA KWA SIMU, INGIA. Chini nikachora simu, na sikuchora jicho. Rangi ilichuruzika kidogo kwenye herufi ya mwisho. Nikausimamisha barabarani, nikarudi nyuma hatua kadhaa kwa mazoea. Ulisomeka.

Simu ya kitinda mimba ililia ting. Akaitazama kama haiamini. Ikalia tena. Kisha ikawa hainyamazi, na akaanza kucheka peke yake juu ya kreti lake, na mdogo wetu wa kike getini akapiga kelele, "Punguza kucheka, ongeza kasi, watu wananikanyaga!" Wenye vitochi walitaja namba zao kwa sauti kubwa kama wanaojibu mahudhurio shuleni. Hakuna aliyepigana. Waliolipa hawakukaa, waliingia moja kwa moja kwenye duara na kuanza kupiga makofi, na baada ya muda usingeweza kujua nani kalipa na nani kaja na fuso.

Jua lilipokaribia kuzama mwenye uwanja alipita kwenye kreti la soda. Alitazama hesabu kwenye kompyuta. "Tarehe za msimu nitawaletea," akasema. Akageukia ukuta wake. "Ila huo bado ni mchafu."

Kitinda mimba alitoa simu yake pale pale, akaandika jibu la Dar es Salaam, akanipa nilisome kabla hajalituma. Lilikuwa na shukrani na neno hapana. Nilimrekebishia mkato mmoja ili nipate sababu ya kuinamisha uso.

Jicho nimelifuta. Mtazamaji sasa ana mikono miwili inayopiga makofi, analipa, na mikono hiyo hiyo ndiyo nembo yetu. Ngoma huingia kwa kiongozi wake: yeye ndiye anayesema nani ni wake, nasi hatuulizi anapiga nini.

Lakini siku ile, fuso lilipokuwa linapakia, yule mama aliniita. Nikadhani anataka maji.

"Mlituita, tumekuja," alisema. "Na ninyi mtakuja kwetu, baada ya msimu wa korosho."

"Tutakuja, mama. Tutalipa kiingilio."

Watu waliokuwa juu ya fuso wakaguna. "Nimecheza kwako kwa kiingilio?" akauliza. "Njoo na ngoma yako. Wapigaji, waitikiaji, mwasha moto. Na mtoto wa kulia."

Fuso likaondoka, wakiimba.

Ngoma yetu iko wapi? Nyumba yetu haijawa na ngoma tangu mama atutoke. Nimeanza kuwakusanya uani Masasi Jumapili jioni: mdogo wangu wa kike anaitikia vizuri, sauti ya mama anayo, wapo majirani wachache, mwenye bucha amekubali kuwasha moto, sasa ng'ombe wake ana pembe. Kitinda mimba amepewa ngoma ndogo na anaipiga kwa ncha za vidole, kama anaandika. Mstari wa kwanza natakiwa niutupe mimi, na kila mara naanzia juu mno, wananijibu wakicheka.

Mama wa Chilangala hupiga simu. Baada ya salamu huuliza, "Mmelingana?"

"Bado, mama."

"Haya," husema. "Korosho zinaanza kudondoka."