Jina la Mzungu Mlangoni Malaz

Jina langu la ukoo ni la Kiingereza, na sitalitaja hapa kwa sababu limenichosha. Babu alikuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba, akabatizwa, akajipa jina la bosi wake, basi. Shuleni nilitamba nalo. Mwalimu alituambia kuna jenerali wa Uingereza mwenye jina hilo, kuna daktari maarufu, kuna na mchezaji mpira ambaye wavulana walikuwa hawaishi kumsifu. "Binamu zako hao," walinitania, nami naitikia bila haya.

Kaka yangu alilichukia. Alipoenda kuchukua kitambulisho alilitupa, akaandikisha jina la baba yake babu. Nyumbani hakuna aliyeshangaa. Kwetu ndugu wa tumbo moja kuwa na majina tofauti ni kawaida.

Riyadh, Saudia, nilikoenda kufanya kazi za ndani, si kwetu. Mkataba wangu uliisha, na bado nilikuwa nafagia nyumba ileile ya mtaa wa Malaz, nalala jikoni, simu napewa Ijumaa tu. Nilikuwa nakufa polepole, sina neno jingine. Kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, niliyemwita baba, alisema ataniachilia nikichukuliwa na mwanamume wa familia yangu. Kaka alikuwa dereva Jeddah. Aliomba ruhusa kwa bosi wake, akapanda basi, akaja.

Nilipomwona mlangoni nilivaa viatu. Mfuko wangu ulikuwa umeshafungwa.

Baba alichukua ikama yake na yangu, vile vibali vya ukaazi, akaziweka pamoja, akasoma. Kwao ndugu hubeba jina moja la ukoo, na hilo halina mjadala.

"Huyu si kaka yako," akasema.

Nilieleza habari za mpishi, mzungu na ubatizo. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, cha yalla, yaani haya, na halas, yaani basi. Madam, mkewe, akasema nimeita hawara nyumbani kwake. Baba akatoa simu. Akasema nikishikilia kwamba ni kaka, anaita polisi. Nikisema simjui, kaka ataachwa aende zake.

Jenerali na daktari, watukufu wote wale, hakuna aliyekuja kunitolea ushahidi.

Nikasema simjui.

Kaka alinitazama, akapokea ikama yake, akateremka ngazi. Madam akafunga mlango kwa ufunguo, akaniambia yalla, vyombo. Niliviosha vyote, na mfuko wangu ulikuwa bado umefungwa kando ya jiko.