Hakimu na Sahani ya Bluu

Hebu mwone anavyoingia. Saa tisa na nusu alasiri, aproni imekunjwa kwapani, kilemba kimelegea upande mmoja, viatu vya mpira vinapiga sakafu ya ua pwa, pwa, na harufu ya vitunguu inamtangulia kama mpambe. Hasalimii kwanza. Macho yanakwenda moja kwa moja kwenye dirisha la chumba kinachotazamana na chake, pale wifi yake anapoanika vyombo. Ipo sahani ndogo ya bluu. Imeoshwa, imelazwa kifudifudi. Maana yake mtoto amekula, akamaliza.

Ndipo anaposema, "Habari za hapa, wifi."

"Nzuri, pole na kazi. Bwana wako mdogo leo amekula boga na maharage, hakuniachia hata la kuonja."

"Vizuri," anajibu, na neno lenyewe linatoka kama lililobanwa na mlango.

Watu wote wa nyumba ile humwita Mpishi, hata mumewe. Na ni mpishi kweli. Mwaka wa tisa huu yuko jikoni hospitalini, anapika wodi tatu, kwa masufuria ambamo mtoto angeogelea na mwiko mrefu kama kasia. Wagonjwa waliokwisha kususa kila kitu wakionja mchuzi wake huuliza kama ipo nyongeza. Kuna mzee mmoja aliruhusiwa asubuhi kwenda kwake, akaomba abaki kitandani mpaka mchana kwa sababu ilikuwa siku ya samaki. Sasa mwanamke wa sifa hizo, mwanawe wa kumzaa hataki chakula chake.

Mtoto ana miezi kumi na moja na meno manne. Baba yake, fundi redio, ndiye aliyempa jina la Hakimu. Kijiko kikimfikia hafungui mdomo. Anakitazama. Anamtazama mama. Anakirudia kijiko tena, taratibu, kama anayepima ushahidi, kisha anatoa hukumu: kichwa kushoto, mdomo kufuli. Rufaa hakuna. Maziwa atanyonya, uji mwepesi atakunywa, lakini mchicha, karoti, yai, dengu, samaki aliyechambuliwa miiba mara tatu, vyote vinaishia kwenye kifua cha mama.

Ingekuwa ni kuchafuka nguo tu, tungecheka yakaisha. Lakini kliniki muuguzi alikuwa amefungua kadi ya mtoto, akapitisha kalamu juu ya mstari wa uzito, na mstari ulikuwa umelala. Miezi miwili, umelala tu.

"Maziwa na uji havimtoshi sasa," alisema muuguzi. "Anataka mboga, anataka maharage, yai, samaki. Mkija mwezi ujao nione umepanda, la sivyo tutampeleka kwa daktari. Wewe mama unafanya kazi gani?"

"Mpishi. Jikoni hospitalini."

Muuguzi aliinua unyusi mmoja tu, na unyusi ule Mpishi alirudi nao nyumbani.

Wifi mtu ndiye anayebaki na mtoto mchana. Ni dada wa fundi redio, anashona nguo chumbani mwake, alirudi kwa kaka yake baada ya ndoa ya miaka sita kuvunjika bila mtoto. Jambo hilo uani halisemwi. Ni mtu mpole, hana maneno mengi, na cherehani yake ikianza kuimba Hakimu hulala bila kubembelezwa. Wiki moja baada ya kliniki ndipo aliposema, kwa furaha ya kweli, akidhani analeta habari njema: "Wifi, leo amekula."

"Amekula nini?"

"Maharage. Na kipande cha karoti."

Pale Mpishi alipaswa kushukuru. Alifungua mdomo ashukuru, akajikuta anauliza, "Umemtilia sukari?"

"Sukari ya nini? Maharage tu, wifi, na maji."

Hakuamini. Siku hiyohiyo aliomba bakuli la yale maharage, akakaa na Hakimu chumbani kwake. Kushoto, kufuli. Kesho yake akabuni lingine: akapika mwenyewe dengu laini, akaponda kwa ustadi wote wa wodi ya wasio na meno, akampa wifi, "Jaribu na hiki." Alasiri akaikuta sahani ya bluu imelazwa kifudifudi.

Hapo ndipo roho ilipomuuma kwelikweli. Kama mtoto angekataa chakula chake kwa mkono wowote, angesema basi, ni chakula. Lakini chakula amekila. Kilichokataliwa ni yeye.

"Hivi wewe unamwonea wivu dada yangu?" mumewe alimuuliza, akiwa amechomeka bisibisi katika tumbo la redio.

"Nani kasema wivu?"

"Sura yako."

"Sura yangu imechoka."

"Basi ichoshe ukiangalia upande mwingine, maana dirisha la dada yangu litapasuka."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa vituko vidogo. Alinusa kijiko cha wifi. Alibadili sabuni, akidhani mtoto anachukia harufu ya vitunguu mikononi mwake. Aliazima hata mtandio wa wifi, eti wake haujakauka, akaufunga na kwenda kulisha. Hakimu akautazama mtandio, akamtazama aliyeuvaa, akahukumu kama kawaida. Alipomsikia mtoto akicheka ng'ambo ya ua alijikuta amesimama na sufuria mkononi, hajui alikuwa anakwenda kuitia nini.

Ilipobaki wiki mbili kabla ya kliniki akaomba likizo ya siku tatu.

"Pumzika na wewe," alimwambia wifi. "Huna siku ya kupumua. Nitakaa naye mwenyewe."

Wifi alimtazama kidogo. "Sawa. Ni mwanao."

Maneno machache, yamesemwa kwa upole, yakamchoma kuliko tusi.

Siku ya kwanza akapika mapishi matano. Alisimama mbele ya kiti cha mtoto, aproni kiunoni, kijiko mkononi, kama anavyosimama mbele ya vitanda ishirini. Aliimba. Aligeuza kijiko kuwa ndege, kikatua kwenye ukuta. Siku ya pili mtoto alilia, akinyoosha mkono kwenye mlango wa shangazi yake, na mama akafunga pazia. Siku ya tatu, mchana, alikwenda bombani kuosha vijiko. Aliporudi, kiti kitupu. Hakimu alikuwa ameshuka, akapita chini ya pazia, akatambaa na kuvuka ua wote, tena kwa mwendo ambao hajawahi kuuonyesha kwa jambo lolote.

Mpishi akamfuata hadi mlango wa wifi. Alikuja amevimba, maneno yamejaa mdomoni tayari kumwagika. Cherehani ilikuwa kimya. Akalisogeza pazia kwa kidole kimoja.

Wifi alikuwa ameketi mkekani, anakula chakula chake cha mchana: wali, maharage, boga la kuchemsha, mchicha. Mkono mmoja unakula, mwingine umeshika gauni, macho yanatafuta mshono uliokosewa. Wifi kamwona mtoto, ndiyo, lakini hakumbeba wala hakumwita. Sahani ya bluu aliivuta tu karibu, akaweka juu yake vipande viwili vya boga, akaendelea kutafuna na kukagua mshono.

Hakimu akajikokota hadi gotini pake, akasimama kwa kulishika gauni. Akamtazama shangazi taya. Taya likapanda, likashuka. Mdomo wake mwenyewe ukafunguka na kufungika, mtupu. Kisha akainama, akachukua boga kwa ngumi nzima, akalitia kinywani.

Mpishi aliliachia pazia.

Wapishi wa masufuria makubwa wana tabia yao. Wanaonja. Chumvi hapa, maji pale, nusu kijiko cha wodi hii, nusu cha ile, na ikifika saa nane tumbo limejaa bila mwenyewe kukaa mezani. Mpishi hakuwa na kumbukumbu ya lini mara ya mwisho alikula nyumbani. Alipakua kwa mume, alimlisha mtoto, yeye akasema nimeshiba, na ni kweli alikuwa ameshiba, hata siku hizi tatu za likizo, kwa kuonja mapishi yale. Tangu aanze kulishwa kwa kijiko, mtoto huyu hajawahi kumwona mama yake akitafuna. Amemwona tu amesimama kama mnara, akimwelekezea kijiko cha kitu ambacho yeye mwenyewe hakigusi. Nani angefungua mdomo?

Angeweza kuingia pale akasema, wifi, nimeelewa. Hakuingia. Alirudi chumbani kwake, akaketi kitandani, na bado alikuwa na wivu, ila sasa ulikuwa na adabu kidogo.

Aliporudi kazini alionja kwa ncha ya ulimi na kutema. Wenzake wakamuuliza kama ana mimba nyingine. Alasiri alivuka ua na njaa halisi, akatandika mkeka, akavua aproni, akakaa chini. Akapakua wali, maharage na karoti zilizochemka hadi zikalainika, akampa Hakimu mgongo na kuanza kula. Hakusema njoo. Aliona jinsi ilivyo vigumu kutosema njoo.

Akasikia viganja mkekani. Mkono mdogo ukamshika bega. Hakimu akazunguka mbele, akamtazama, akaweka kidole kwenye shavu lake, pale linapotembea. Akakiacha hapo muda mrefu, ushahidi mpya huo. Halafu akaingiza mkono katika sahani ya mama na kuibuka na harage moja, ambalo lilianguka, na la pili, ambalo halikuanguka.

Mpishi hakushangilia. Aliendelea kutafuna, machozi yanamtoka, chakula kimeongezeka chumvi. Na jambo la kwanza alilolitaka, Mungu amsamehe, ni wifi aone. Akainua kichwa kutazama dirisha la ng'ambo ya ua.

Wifi alikuwa amesimama pale, ameshika sahani ya bluu. Alikuwa anatabasamu, lakini Mpishi aliijua sura ile. Alikuwa ameivaa yeye tangu siku ile ya dengu.

"Ameweza," alisema wifi.

"Ameweza," alijibu Mpishi, na ushindi aliouota siku zote ukakosa ladha.

Siku zilizobaki kabla ya kliniki Hakimu alikula pande zote mbili za ua, mchana kwa shangazi, alasiri kwa mama. Lakini mara mbili Mpishi aliporudi aliikuta sahani ya bluu haijalazwa kifudifudi, chakula kimebaki nusu. Mara zote mbili wifi alisema, "Anakungoja wewe siku hizi." Na mara zote mbili Mpishi alifurahi kwanza, ndipo akaona haya.

Siku ya kliniki walikwenda wote watatu, wifi amebeba mkoba wa nepi kama kawaida yake. Muuguzi ni yuleyule. Akamweka Hakimu kwenye mizani, akasoma, akasoma tena, akachora nukta juu ya kadi na kuiunganisha kwa mstari. Mstari uliamka, ukapanda.

"Haya," alisema, na safari hii nyusi zote mbili zilikuwa juu kwa wema. "Huyu sasa anakula. Kazi nzuri. Nataka niandike hapa, tujue wa kumpa maelekezo ya mwezi ujao. Nani anamlisha?"

Wifi aliinama, akaanza kufunga kamba ya mkoba iliyokuwa imefungwa tayari. Hakimu, mikononi mwa muuguzi, aliwatazama wanawake wawili, mmoja, kisha mwingine, bila kutoa hukumu. Kalamu ilikuwa imeshagusa kadi, na mstari wa kuandikia ulikuwa mfupi, wa kutosha jina moja.

Mpishi akafungua mdomo. Wewe ungekuwa yeye, ungemtaja nani?