Gundi ya Stika kwenye Pikapu ya Baba

Enzi zetu pale Kilwa Masoko, gari halikuwa la mwenyewe peke yake, lilikuwa la mtaa mzima. Pikapu ya Baba ikisikika tu inaunguruma kule barabarani, watoto tuliacha rede katikati, mpira wa matambara ukabaki unaviringika wenyewe, na sote tukatoka mbio kwenda kuipokea kama mgeni aliyerudi kutoka Hija. Harufu yake naisikia hadi leo: petroli, vumbi la njia ya Kikole, magunia ya korosho, na samaki wakavu waliosahauliwa na abiria wa juzi. Rangi yake ilikuwa bluu. Angalau Mama alituapia kwamba zamani ilikuwa bluu.

Naandika haya kwa sababu ya mwanangu wa mwisho. Kanunua gari lililoshushwa juzijuzi kutoka Japani, vioo vimejaa stika za maandishi ambayo si yeye wala mimi tunaweza kuyasoma. Nikamwambia azibandue. Akashtuka kama nimemwambia ang'oe matairi. "Mama, ziache hizo, ndo watu wajue mzigo mpya huo!" Basi anaendesha huku kajibandika mambo asiyoyajua, pengine imeandikwa gari bovu. Vijana wa leo bwana. Sisi stika ilikuwa kazi, na moja kati ya hizo ilitutoa jasho mimi na mdogo wangu Bakari kwa wiki kadhaa.

Stika yenyewe waliileta watu wa matangazo ya sabuni. Walikuja na gari lenye spika, wakapiga muziki pale sokoni, wakagawa vipande vya sabuni vidogo kama tende, na kila gari waliloliona wakalibandika. Baba alikuwa mtu wa haya, hakuweza kumkatalia mgeni. Wakambandikia kioo cha mlango wa dereva, picha ya mwanamke anacheka, mikono imejaa povu. Baba akatembea na mwanamke yule mwaka mzima, na Mama akawa anamtania mbele ya majirani kwamba kaoa mke wa pili bila hata kumuarifu. Jua la Kilwa likambabua yule bibi mpaka uso ukapotea, yakabaki meno tu. Hapo Baba naye akachoka. Akaibandua karatasi kwa kucha, lakini gundi ikabaki pale pale, pande la mraba lililokusanya vumbi, manyoya ya kuku na sisimizi wasio na bahati.

"Somoe," akaniita, maana mimi ndiye mkubwa, "wewe na mdogo wako hakikisheni hii gundi inatoka. Inanizibia upande wa kulia."

Tulianza na sabuni ile ile ya tangazo, haikufua dafu. Tukaenda kwa Bwana Akbar, ambaye duka lake lilikuwa la babu yake na kabla ya hapo la babu wa babu yake, na ambaye alikuwa na ushauri wa kila kitu hata kama hununui. Akatuambia, "Msiguse na kisu, wanangu, mtakikwaruza kioo cha mzee. Pakeni mafuta ya nazi, kaeni chini, kuleni hata muhogo, halafu rudini. Gundi haitaki haraka."

Sasa Bakari aliposikia mafuta, akili yake ikamwambia mafuta ni mafuta. Nyumbani tulikuwa tumebangua korosho za kuchoma siku ile, na maganda yalikuwa bado yanatoa ule ute wake mweusi. Mtoto wa Lindi gani asiyejua kwamba mafuta ya ganda la korosho yanaunguza? Bakari alijua, sote tulijua. Lakini hoja yake ilikuwa kwamba kama yanaweza kubabua ngozi ya mtu, gundi ni nani. Akapaka. Gundi haikutikisika, ila ikageuka nyeusi kama lami, na vidole vya Bakari vikatoka malengelenge. Alikula wali kwa kulishwa siku tatu. Mama alimlisha huku anamgombeza, tonge moja na neno moja, tonge jingine na maneno mawili.

Tukarudi kwenye ushauri wa Bwana Akbar. Nilipaka mafuta ya nazi, nikakaa kivulini nikala muhogo wa kuchoma, nikarudi na kipande cha kifuu. Gundi ikaanza kulegea, ikajikunja kama tambi, ikadondoka. Nikapaka tena, nikangoja tena. Mwisho nikapitisha majivu ya kuni na kitambaa cha kanga chenye unyevu, na kile kioo kikang'aa mpaka jogoo wa jirani akaja kukidonoa akidhani kaona jogoo mwenzake. Nilijisikia fahari isiyo kifani. Nikakimbia kumwita Baba.

Baba akakaa kwenye usukani, akageuza uso kulia. "Bado, mwanangu. Kuna ukungu hapo."

Nikasugua. Kesho yake nikasugua tena. Kila jioni akitoka safari alikuwa anasema bado, na mimi nachukua kitambaa. Nilipomlalamikia Mama kwamba kioo hakina kitu, alinijibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachagua: "Baba yenu akisema kuna doa, kuna doa."

Halafu likatokea lile la kijijini Tingi. Baba alimsukuma kwa gari mtu wa baiskeli aliyekuwa upande wake wa kulia, yule bwana akaanguka mtaroni na gunia lake la mkaa. Mungu ni mkubwa, alichubuka goti tu. Baba alimpeleka kwao, akamwomba radhi mbele ya wazee wake. Aliporudi nilimsikia akimwambia Mama, "Gundi ile ilimficha. Sikumwona kabisa."

Kesho yake asubuhi nilipanda kwenye kiti cha dereva, nikaweka gunia chini yangu ili nifikie kimo chake, nikatazama kulia. Niliona kila kitu. Niliona tangi la maji la msikitini, niliona maandishi ya duka la Bwana Akbar herufi kwa herufi, hata mjusi ukutani nilimwona. Kioo kilikuwa safi. Nikakumbuka kwamba siku zile Baba alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe na kukisingizia kikombe. Doa halikuwa kwenye kioo.

Wasomaji wa rika langu hawatauliza kwa nini sikusema. Nyinyi mnajua. Mtoto wa enzi zetu alimwamkia baba yake, alimpelekea maji ya kuoga, alimbusu mkono siku ya Idi, lakini kumwambia kwamba haoni? Neno hilo ningelianzia wapi? Baba alikuwa dereva, na mji mzima ulimheshimu kwa udereva wake. Basi nikanyamaza, nikawa nasugua kioo safi kila jioni, namdanganya naye ananishukuru. Nilikuwa na woga usiku na mchana, kila akitoka safari nasali arudi yeye na watu wake wote.

Nilivumilia hivyo mpaka Jumamosi moja ya safari ya Kikole. Nyuma walikuwa wamejaa akina mama wanaorudi shamba, na mmoja wao, msichana tu, kambeba mtoto mchanga ambaye hata arobaini hakuwa ametoka. Njia ile ilikuwa na daraja la magogo, na dereva alilazimika kuangalia kulia kwa makini ili gurudumu lisitoke. Nilimtazama yule mtoto mchanga, amelala, mdomo wazi. Baba alikuwa bado ndani anamalizia chai. Nikafungua mlango wa dereva, nikazungusha mpini, nikakishusha kioo chote mpaka chini, nikaufunga mlango.

Baba akaja, akapanda, akashika usukani. Akageuka kulia.

"Somoe, bado hapa. Hebu futa haraka, watu wanangoja."

"Wapi, Baba?"

"Hapa," akasema, akanyoosha kidole kunionyesha. Kidole kikapita, na mkono ukafuata, mpaka kiwiko kikawa nje ya mlango, hewani.

Hakuurudisha mara moja. Aliuacha pale, akawa anafungua na kufumba vidole taratibu, kama mtu anayepima joto la maji. Wale akina mama nyuma walikuwa wanapiga soga zao, hawajui kitu. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kile kitambaa, nasubiri kofi.

"Umejua lini?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Toka siku ile ya Tingi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuogopa, Baba."

Akavuta pumzi. "Hata mimi niliogopa," akasema. Akachomoa ufunguo, akashuka, akaenda nyuma kuwaambia abiria wamwie radhi, leo gari haliendi. Walinung'unika sana. Yule msichana alishuka wa mwisho na mwanawe, na Baba akampokea mtoto, akamshikilia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alikuwa na mtoto wa jicho. Baba mdogo alikuja kutoka Lindi, akampeleka kwa madaktari, na jicho moja likapona kiasi cha kuweza kusoma msahafu wake tena. Usukani hakuushika tena maishani. Alizoea kutembea, na watu waliendelea kumwita Dereva mpaka tulipomzika.

Tukikutana wa rika letu hatukosi kuwasema watoto wa siku hizi. Wanawasahihisha wazazi mezani, wanawaambia "mama, hapo umechemka," na simu hawaiachi mkononi hata wakiamkia. Nami nacheka pamoja na wenzangu, nasifia heshima tuliyolelewa nayo, maana ilikuwa tamu na ilitufanya watu. Ila kila mara roho yangu inarudi kwa wale akina mama wa Kikole na yule kichanga, ambaye leo ni mtu mzima na hanijui. Heshima yangu ndiyo iliyokuwa inawapeleka kwenye lile daraja la magogo. Walifika makwao salama kwa sababu siku ile, mara moja katika utoto wangu wote, nilimkosea Baba adabu.