Nzi Wasiovutwa na Ndizi

Basi lilisimamishwa kwenye kizuizi cha Hedaru saa saba mchana, abiria wote wakaamriwa kushuka na mizigo yao. Ilikuwa mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Hata mche wa sabuni uliweza kukuletea kesi. Asnath Mchome, mhadhiri msaidizi kutoka Dar es Salaam, alishuka na kikapu kifuani. Ndani mlikuwa na chupa sita zilizozibwa kwa pamba, kilo mbili za sukari na kopo la hamira.

"Sukari yote hii ya nani?" aliuliza Sajini Mbaraka.

"Ni chakula cha nzi, afande."

Abiria wakacheka. Sajini hakucheka. Alishika chupa moja akaichungulia.

"Fungua."

"Nikifungua, kazi ya miaka miwili inaruka."

Sajini akachomoa pamba mwenyewe. Nzi wadogo, wale wazungukao ndizi mbivu, wakatoka na kupotelea juani. Asnath akaikumbatia ile kapu kwa nguvu.

Kwa miaka miwili alikuwa amezalisha ukoo wa nzi wasiovutwa na harufu ya ndizi. Watoto wao walikuwa hivyo hivyo, na wajukuu pia. Alitaka kujua ni kitu gani wamerithi. Lakini kabati la baridi la kuwatunzia nzi chuoni lilikuwa limeharibika, kipuri hakipatikani kwa kukosa fedha za kigeni, na joto la Dar likawa linawaua. Akaamua kuwapeleka kwao Myamba, kwenye baridi ya milimani.

Sajini alikwisha kunyoosha mkono kwenye chupa ya pili.

"Afande, nipe dakika tano nikuonyeshe," Asnath alisema.

Akanunua ndizi kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza kando ya barabara, akaimenya, akaigusisha kwenye pamba ya chupa yenye nzi wa kawaida, aliowabeba kwa kulinganisha. Wakapanda wote juu, wakasongamana. Akahamia chupa ya ukoo wake. Nzi walibaki wametawanyika, hakuna aliyejali.

"Hawa wana mafua?" Sajini aliuliza.

"Wamezaliwa hivyo. Ndiyo kazi yangu, kujua kwa nini."

Sajini akazirudisha chupa kikapuni. Akampungia mkono apite, ila sukari na hamira vilibaki kizuizini. Jua nalo lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake: Asnath alipofika Myamba, nzi hai wa ukoo ule walikuwa kumi na mmoja tu, katika chupa moja.

Bila hamira wangekufa njaa. Akaenda kwa jirani kuomba machicha ya dengelua, pombe ya miwa, kwa kuwa nayo yana hamira. Mama yake, Bi Evaline, Msabato wa damu, akamzuia mlangoni.

"Pombe haiingii kwangu."

"Shikamoo, mama. Si ya kunywa. Ni ya nzi."

"Marahaba. Hata nzi wasinywee nyumbani kwangu."

Wakakubaliana chupa zikae kwenye kibanda cha kuni. Siku ya tisa Asnath aliona funza mmoja, mtoto wa nzi wake, akitambaa kwenye ndizi iliyopondwa, kisha wa pili. Alikaa chini kwenye kuni, akalia.

Alipolazimika kurudi kufundisha, Bi Evaline ndiye aliyebadilisha chakula kila wiki mbili, akiwa amejifunga kitambaa puani.

Miaka ikapita, biashara zikaruhusiwa, maduka yakajaa. Mwenzake Nicolaus aliacha maabara akaingiza mitumba. "Utakufa na nzi wako," alimwambia. Mwaka 1991 Asnath alipata nafasi ya miaka miwili ng'ambo, akaenda na chupa zake. Kila mtu kule alitarajia kukuta kuwa jeni ya kunusa ndizi, yaani maagizo ya urithi, imeharibika. Yeye aliisoma mara tatu, akaikuta nzima. Msimamizi wake akamshauri aache. Asnath akageukia kipande kidogo kilicho kando ya jeni ile, ambacho kazi yake ni kuiamuru ianze kazi kwenye vipapasio, ambavyo ndivyo pua ya nzi. Hapo ndipo palipokuwa na pengo. Jeni ilikuwepo, ila haikuamriwa kamwe.

Aliporudi alikuta chumba chake cha maabara kimepangishwa kwa mtu wa fotokopi. Akaomba stoo nyuma ya jengo, akaifagia, akabandika mlangoni ratiba ya mafunzo ya nzi. Jumatatu iliyofuata walikuja wanafunzi wawili.